Sura ya Saba: Maneno Kumi na Mawili

Quincy Makokha alibakiwa na jicho moja la kuonea na meno machache ya kusemea, lakini Jumatano hiyo asubuhi alikuwa ameamua kusema.

Inspekta Naliaka Wekesa alivuta kiti cha plastiki hadi karibu na mto wa kitanda cha hospitali, akaweka daftari juu ya goti. Mkono wa kushoto wa Quincy ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kuanzia kiwiko hadi vidole, na miguu yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji. Ilikuwa siku ya nne tangu akina mama wa kikundi cha Tuinuane wamtoe kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, sokoni Bondeni, Jumamosi saa tano mchana mweupe, wakampiga kwa miguu ya stuli na mawe ya mizani mpaka askari wa doria wakafika.

Kosa aliloandikiwa ni wizi. Wanawake kumi na wanne walikuwa wameweka elfu thelathini kila mmoja, wakanunua bitcoin, wakaihifadhi katika simu ya mwenyekiti wao. Kisha waleti, yaani pochi ya sarafu hizo ndani ya simu, ikakutwa tupu. Quincy ndiye aliyewafundisha, ndiye aliyewanunulia. Hakimu alikuwa amempa Naliaka hadi Ijumaa aeleze ana ushahidi gani mwingine zaidi ya huo.

"Nieleze tena habari ya maneno," alisema.

"Ukifungua waleti, simu inakupea maneno kumi na mawili ya Kiingereza." Quincy alizungumza polepole, akiuzungusha ulimi mahali palipokuwa na meno. "Maneno ya kawaida tu. Mwenye anayo anafungua hiyo waleti na simu yoyote, popote, anabeba kila kitu. Hakuna benki ya kupigia, hakuna meneja. Kwa hivyo niliwaambia wayaandike wenyewe kwa karatasi. Mimi nikaangalia ukuta."

"Ukaangalia ukuta."

"Walinicheka, madam. Uliza Nyakio."

"Waliandika nakala ngapi?"

"Mbili. Moja ya Mama Natalie, mwenyekiti. Ingine ya Nyakio, katibu."

"Na ni wewe uliwaambia waweke elfu thelathini kila mtu?"

Quincy alimgeuzia jicho lake moja. "Niliwaambia waweke pesa yenye mtu anaweza kupoteza na alale. Mama Natalie akaniuliza, 'Pesa ya kupoteza ni gani hiyo? Hapa Bondeni nani anayo?' Wakaanza na elfu mbili mbili. Ikapanda. Wakaongeza. Ikapanda tena. Hapo hata ungewaambia nini, hawasikii. Walikuwa wananiombea kanisani, madam. Kwa jina."

"Kisha ikashuka."

"Ikashuka. Hiyo kitu hushuka. Hiyo pia niliwaambia."

Aliomba simu. Naliaka akatoa yake, na kwa kuwa Quincy hakuwa na kidole cha kubonyezea, alimwelekeza wapi aingie. Ukurasa ulifunguka, umejaa tarakimu. Huko, Quincy alisema, kila senti iliyoingia na kutoka iliandikwa, na mtu yeyote duniani angeweza kuisoma. Kilichokosekana kilikuwa majina ya watu tu. Mahali pa jina palikuwa na anuani, mkia mrefu wa herufi na namba.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita, bitcoin za kikundi zilitoka mara tatu. Saa tatu na dakika kumi, kiasi kidogo mno. Saa nne kasoro dakika kumi, nusu. Saa nane na robo, kilichobaki. Zote tatu zilikwenda kwenye anuani moja.

"Sasa shuka chini kabisa," Quincy alisema. "Siku ya kwanza tuliyonunua. Angalia zilitoka wapi."

Naliaka aliweka kalamu chini ya herufi ya kwanza, akalinganisha moja moja mpaka ya mwisho. Alirudia.

"Zimerudi zilikotoka," alisema.

"Kwa Jepleting. Ana duka la dawa ya mifugo Olenguruone. Ananunua, anauza. Ni mtu straight."

"Na ni wewe unayemjua."

"Ni mimi. Na niliwapea Mama Natalie na Nyakio namba yake, ili siku wakitaka kuuza wasinitegemee."

"Unaelewa hii inakuumiza wewe kwanza?"

"Naelewa. Lakini hiyo ndiyo kitu imeandikwa pale. Sasa nitasema imeandikwa ingine?"

Alifumba jicho. Nesi alikuja na beseni, akamwambia Naliaka kwamba kijana alikuwa akitapika tangu alfajiri na alikuwa akilalamikia kichwa, na kwamba daktari anataka apelekwe kupigwa picha. Naliaka alisimama. Alimwita askari wa mlangoni, akamwamuru afungue pingu.

"Na akitoroka, afande?"

"Na miguu gani?"

*

Sajini Kibii alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na msimamo wake kuhusu sarafu za kwenye simu haukuwa na kona. Gari lilipoiacha Njoro na kuanza kupanda kuelekea Mau Narok, alikuwa bado anautoa.

"Mtu mwenye mamilioni anacheza na hiyo kitu, ikianguka anakunywa chai anangoja irudi. Mama wa kuuza samaki ya omena sokoni atangoja na nini? Watoto wanataka kula Alhamisi."

"Rudi kwa zile mara tatu, Sajini."

"Hizo ndizo zinanisumbua." Alipunguza mwendo kupisha trekta. "Nimekamata wezi miaka thelathini na moja. Mwizi akiingia kwa nyumba yako anabeba televisheni na anatoka. Haji asubuhi achukue rimoti kwanza aone kama inatoka sawa. Huyu alituma kidogo, akangoja, akatuma nusu, akaogopa, akakaa mpaka mchana. Mwizi haonji."

Naliaka aliandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye daftari.

Walikuwa wanamfuata Nyakio kwa sababu majirani walisema ameondoka Bondeni wiki jana bila kuaga na kukodi shamba la viazi. Mwanamke aliyepoteza akiba yake yote hakodi shamba. Kibii aliona kesi imekwisha, na hata Naliaka alikuwa amebeba pingu ya ziada.

Walimkuta ameinama katikati ya mitaro, gunia limefungwa kiunoni, mikono imejaa udongo mweusi. Alipoona gari la serikali alinyooka, lakini hakukimbia.

"Shamba ni la nani?" Naliaka aliuliza.

"La ndugu yangu Naftaly. Yule pale anapakia." Alionyesha kwa kidevu mwanamume aliyekuwa akishona magunia kando ya lori. "Watu wamewaambia nimekodi? Mimi ni kibarua, madam. Nachimbia ndugu yangu mwenyewe, mia nne kwa siku. Kibanda changu sokoni nimenyang'anywa, kodi imenishinda."

Naftaly alithibitisha, akatoa mkataba wa shamba kutoka kwenye kava ya kiti cha lori. Jina lake, sahihi yake, tarehe ya mwaka juzi.

"Karatasi ya maneno," Naliaka alimwambia Nyakio. "Iko wapi?"

Nyakio alinawa mikono kwenye ndoo, akaingia kwenye chumba cha mabati alichokuwa akilala, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki. Juu ya gundi, kutoka upande mmoja hadi mwingine wa mfuniko wake, wanawake kumi na wanne walikuwa wametia sahihi. Wawili wasiojua kuandika walikuwa wamepiga dole gumba. Naliaka aliinua bahasha juani. Alikagua kila kona kwa ukucha. Hakuna mstari wa sahihi uliokuwa umekatika au kuhama, hakuna mahali karatasi ilipovimba kwa mvuke. Haikuwa imefunguliwa tangu ilipofungwa.

"Hata mimi sijui kuna nini ndani," Nyakio alisema. "Mama Natalie ndiye aliandika nakala zote mbili. Sisi tuliona akiandika, tukaweka sahihi."

"Na Quincy alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa amegeukia ukuta kama mtoto wa shule ameadhibiwa. Tulimcheka sana."

"Jumamosi ulikuwa sokoni?"

"Nilikuwa hapa kwa mtaro. Lakini nilipigiwa." Nyakio aliangalia ndoo. "Kila mtu alinipigia kuniambia vile nimekosa kuona. Huyu ananiambia alimpiga na nini, yule ananiambia alilia vipi. Niliwauliza, na pesa mmepata? Wakasema bado, lakini atatoa."

Naliaka alitia bahasha ndani ya mfuko wa ushahidi, akaandika saa na mahali, akamfanya Nyakio aweke sahihi nyingine, ya kumi na tano. Pingu ya ziada ilibaki garini.

*

Duka la Jepleting lilikuwa mwisho wa barabara ya soko la Olenguruone, na ndani mlinuka dawa ya kupe na makoti ya mvua. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, asiyepoteza maneno. Alimalizana na mzee aliyetaka sindano ya ng'ombe, ndipo akageuza kibao cha mlangoni.

"Nilikuwa nawangojea," alisema. "Niliposikia Quincy amepigwa, nilijua mtakuja. Yuko aje?"

"Hospitalini. Kwa nini hukuja wewe kwetu?"

"Nije niseme nini? Nilinunua kitu kwa mtu, nikalipa. Lakini sikulala vizuri."

Aliweka simu kwenye kaunta kati ya chupa mbili. Kila kitu kilikuwepo: Jumanne, mara tatu, na baada ya kila mara, ujumbe wa kuonyesha pesa zilizotumwa. Jumla ilikuwa chini sana ya kile akina mama walichoweka. Jumanne ile ndiyo siku ambayo bei ilikuwa imeanguka mpaka mwisho, Jepleting alisema, na yeye mwenyewe alikuwa ameogopa.

"Aliyekuuzia alikuwa Quincy?"

"Mwanamke. Mtu mzima. Alinipigia kwanza saa mbili asubuhi, sauti inatetemeka. Akaniuliza, nikikuuzia leo na kesho ipande, utanirudishia? Nilidhani ni mzaha. Halafu nikasikia analia." Jepleting alifuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu. "Nilimwambia, mathe, kama huna mgonjwa, kama hakuna mtu anafukuzwa nyumba, zima simu uende ukauze omena yako. Rudi mwezi ujao. Akaniambia hawezi kuiangalia tena. Anaamka usiku mara nne kuiangalia. Ikishuka mia anahisi kama ni yeye amewaibia."

"Ulijuaje anauza omena?"

"Alikuwa anahudumia mteja tukiongea."

Naliaka aligeuza simu. Pesa hazikwenda kwa Nakhumicha, Mama Natalie, muuza omena wa Tuinuane. Ujumbe wote watatu ulionyesha jina moja, kwa herufi kubwa: NICODEMUS BARASA.

Kibii alisoma juu ya bega lake. "Huyo ni nani tena?"

Naliaka alikulia Bondeni, safu mbili nyuma ya nyumba ya Nicodemus Barasa, na miaka miwili iliyopita alisimama kwenye udongo mbichi wakati mchungaji akimwombea apumzike.

"Mume wa mwenyekiti," alisema. "Marehemu."

Alinakili namba ya simu iliyopokea pesa. Jepleting alitia sahihi taarifa yake kurasa mbili, akawafungulia mlango.

"Imepanda, mnajua?" aliwaambia wakitoka. "Tangu ile Jumanne. Wangekaa tu bila kufanya kitu, leo wangekuwa na pesa yao yote na kidogo juu. Msiwaambie."

*

Alhamisi asubuhi Nakhumicha alimpokea kama mtu wa nyumbani. "Karibu, mtoto wa Wekesa. Keti hapo, hiyo ingine imevunjika." Alikuwa na miaka hamsini na minane, mkubwa wa mwili, kitambaa cha kanisa kichwani. Alimwaga chai kabla ya kuulizwa. Kibii alibaki amesimama mlangoni.

"Quincy amesema?" Nakhumicha aliuliza.

"Amesema."

"Ashukuriwe Mungu."

"Mama Natalie, siku ya kwanza ulitupatia simu yako kubwa. Tuliikagua, hakuna mazungumzo yoyote ya kuuza. Hiyo ndiyo simu yako pekee?"

"Hiyo tu. Mimi ni mtu wa simu mbili?"

Naliaka alitoa simu yake, akaangalia namba aliyoinakili Olenguruone, akabonyeza. Kisha ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, simu ndogo ilianza kulia, mlio wa zamani, wa kengele.

Nakhumicha hakugeuka kuangalia kabati. Aliweka birika chini, taratibu, kwenye kitambaa cha kufumwa.

"Ni ya baba Natalie," alisema. "Sikuirudisha laini. Kuna sauti yake humo."

"Na pesa za kikundi ziliingia humo. Jumanne, mara tatu."

Mlio ulikatika. Nakhumicha alikaa, na kiti alichokalia kilikuwa kile kilichovunjika, lakini hakuonekana kuhisi.

"Sikuiba," alisema. "Naliaka, sikula hata shilingi. Niliuza nikiwaokolea. Ilikuwa inaenda, kila siku inaenda. Nikasema heri tubaki na nusu kuliko tukose yote. Nilikuwa niwaite Jumatano niwaambie."

"Hukuwaita."

"Nilihesabu. Kila mmoja angerudi na elfu kumi na tisa. Nerima alichukua mkopo. Nyakio aliuza ng'ombe. Ningesimama mbele yao niseme nini?" Alikuwa anakunja upindo wa leso na kuukunjua. "Kwa ile simu kubwa kukawa na mtu. Kikundi cha kurudisha hasara. Amevaa suti, kuna watu wengi wanamshukuru pale chini. Akasema ukimtumia, baada ya siku tatu anakurudishia kile ulichopoteza chote. Siku tatu tu. Ningewaita Ijumaa badala ya Jumatano, na hakuna mtu angejua."

"Ukamtumia zote."

"Zote."

"Halafu ukafuta."

"Akafuta yeye. Niliamka, kikundi hakipo, picha haipo, kama sikuwahi kuongea na mtu. Hiyo ya kuuza tulikuwa tumeongea na Jepleting kwa hii simu ya baba Natalie, kwa sauti tu."

Naliaka aliandika kila neno. Aliuliza siku, saa, namba, jina alilotumia mtu wa suti, kiasi. Nakhumicha alijibu yote, na kadiri alivyojibu sauti ilizidi kutulia, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

"Nani aliwaambia wenzako kwamba ni Quincy?"

"Hakuna aliyewaambia. Nilisema tu waleti ni tupu. Wakauliza ni nani mwingine anajua hii vitu. Wakajijibu."

"Na wewe ukasema nini?"

Nakhumicha aliukunja tena upindo wa leso.

"Mama Natalie. Jumamosi ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

"Walipomtoa kibandani, aliongea?"

"Aliniita." Nakhumicha aliinua uso. "Alikuwa ananiita mimi. 'Mama Natalie, waambie niliangalia ukuta. Mama Natalie, waambie.' Nilikuwa na beseni ya omena kichwani."

"Ukawaambia?"

"Nilikuwa na beseni kichwani," alirudia.

Simu ya Kibii ilitetemeka. Alitoka nje nayo. Nakhumicha aliishika leso kwa mikono miwili, akavuta pua.

"Sasa umejua. Hata nimefurahi umejua, ilikuwa inaniua. Nitaenda kwake leo. Nitapika uji wa wimbi, ule mzito, kwa sababu ya meno. Nitapiga magoti pale hospitali mbele ya watu wote niombe msamaha. Quincy ni mtoto mzuri, atanisamehe. Utanipeleka na gari lako, Naliaka, kabla ya hiyo maneno ya kituo?"

Kibii alikuwa amerudi mlangoni. Alikuwa amevua kofia.

"Mama," alisema, "hakuna wa kupelekewa uji."

Nakhumicha alimwangalia, kisha akamwangalia Naliaka, akingoja mmoja wao aelezee.

"Amefariki saa tatu kasorobo," Kibii alimwambia Naliaka. "Damu ilikuwa imevujia kwa kichwa. Walikuwa bado wanangojea mashine ya kupiga picha."

Naliaka aliangalia ukurasa aliokuwa akiuandika. Pale juu alikuwa ameandika aina ya kosa, 'wizi', kabla ya kuingia. Alilikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika 'mauaji' juu yake, akatia tarehe na saa. Kisha alimsimamisha Nakhumicha, akamsomea haki zake. Mama mzima alinyoosha mikono kwa pingu bila kuambiwa.

Nje, uani, habari ya gari la polisi ilikuwa imewaleta wanachama wengine wa Tuinuane. Walikuwa wamejaa kuanzia bombani hadi kamba ya nguo, aproni za sokoni bado kiunoni, nyuso zimechangamka. Hawakuwa wamemwona bado mwenyekiti wao nyuma ya mlango.

"Madam, Quincy amekubali?" mmoja alipaza sauti. "Amesema pesa yetu iko wapi?"

"Quincy amefariki," Naliaka alisema. "Hakuwa ameiba. Pesa yenu iliuzwa na kupotea bila yeye kujua, na mtaelezwa jinsi gani. Sasa ninaandika jambo lingine. Nawataka wote waliokuwa sokoni Jumamosi saa tano, mmoja mmoja. Jina na kitambulisho."

Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika juu ya ndoo iliyojaa, na mtu akanyoosha mkono akayafunga.

Wa kwanza alisema alikuwa Njoro, mazishini. Wa pili alikuwa kanisani akipanga maua ya Jumapili. Wa tatu alikuwa na mtoto mwenye homa, hakutoka nyumbani siku nzima. Nerima, aliyekuwa amefunga kifundo cha mkono kwa kitambaa, alisema aliteleza bafuni, na Jumamosi hiyo alikuwa amelala.

Naliaka aliandika yote, kila mmoja na mahali pake. Alipofika ukurasa wa tatu walikuwa wamekwisha, na sokoni Bondeni, Jumamosi saa tano mchana, hakukuwa na mtu.